Pani ya Trinidad: Nyimbo Zilizoiunda Ala

Utangulizi

Katika kisiwa cha Trinidad, kusini mwa bahari ya Karibea, pana ala ya muziki ambayo mwanzo wake ni pipa la mafuta. Ni pipa lile lile lijulikanalo na kila muuza mafuta ya taa: la chuma, lenye ujazo wa galoni 55 za Kimarekani, yaani lita 200 na ushei. Wenyewe huiita ala hiyo pan. Mfasiri anayelikuta neno hili katika maandishi ya Kiingereza huenda akaharakia kuandika "sufuria" au "kikaango", na msomaji wake akabaki akistaajabu ni vipi watu mia moja wasimame jukwaani usiku wakipiga vyombo vya jikoni. "Ngoma ya chuma" nayo haitoshelezi. Ngoma huwambwa ngozi, na kazi yake kuu ni kushika mdundo, ilhali ala hii hutoa lahani kamili na sauti zote za kuisindikiza. Makala hii italitumia neno hilo kwa umbo lililotoholewa, pani, katika ngeli ya I-ZI.

Kinachokusudiwa kuelezwa si umbo la ala peke yake. Pani ni miongoni mwa ala chache mno ambazo waundaji wake wamekuwa hai hadi juzi. Ellie Mannette alifariki mwaka 2018, Neville Jules mwaka 2020 na Anthony Williams mwaka 2021. Kwa sababu hiyo yawezekana kuliuliza swali ambalo kwa udi au fidla jibu lake limekwisha kupotea: je, ala huzaliwa kwanza, kisha ikatafutiwa nyimbo za kupigwa, au nyimbo ndizo zinazoidai ala na kuilazimisha iwe ilivyo? Ushahidi wa pani unaelemea upande huu wa pili. Karibu kila hatua ya ufundi wake ilitokana na wimbo ambao bendi ilitamani kuupiga, na pipa lililokuwapo likashindwa.

Kutoka mwanzi hadi bati

Historia ya pani huanza na marufuku. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, lakini Waafrika wa Trinidad walisubiri hadi mwaka 1838 ndipo wakawa huru kikamilifu. Waliingia katika kanivali, sherehe iliyokuwa ya mabwana wenye mashamba wa asili ya Kifaransa, wakaja na ngoma, mienge na fimbo za kuchezea. Watawala hawakupendezwa. Mwaka 1881 polisi walipambana na umati wa watu wa Canboulay katika mitaa ya Port of Spain, na mwaka 1884 ikatungwa sheria iliyobana upigaji wa ngoma, ubebaji wa mienge na mikusanyiko ya watu kumi au zaidi wenye fimbo.

Sheria iliitaja ngoma, haikuutaja mwanzi. Watu wakaingia vichakani wakakata mianzi ya unene na urefu mbalimbali. Mapande marefu yaligongwa ardhini yakatoa sauti nzito, na vipande vifupi vikagongwa kwa kijiti ili kutoa sauti kali za juu. Muziki huo uliitwa tamboo bamboo, na ndio uliozitembeza kanivali kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba mwanzi hupasuka. Katika miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya kimaskini walianza kuchanganya mianzi na chochote cha chuma kilichopatikana, yakiwemo makopo ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka na vyuma vya breki za magari. Mwishoni mwa mwongo huo kundi moja la mtaa wa Newtown, lililojiita Alexander's Ragtime Band, lilikuwa limejipatia sifa kwa kutoka na mabati. Kwa yeyote aliyesikia upatu wa Mijikenda au karing'aring' ya mwomboko, wazo la kukiimbisha chuma kilichokusudiwa kazi nyingine halitakuwa geni. Ila hapa mambo hayakuishia kwenye mdundo.

Kuanzia mwaka 1942 hadi vita vilipokwisha kanivali ilipigwa marufuku. Vijana walibaki na mabati yao nyuma ya nyumba, wakiyagonga na kuyachunguza. Waligundua kwamba bati lililobonyezwa mahali fulani hutoa sauti tofauti na ile ya mahali pengine, na kwamba sauti hiyo inaweza kupandishwa au kushushwa kwa nyundo. Mwaka 1945, watu walipofurika barabarani kusherehekea ushindi, mabati yaliyotoka nayo yalikuwa yamekwisha kujifunza noti mbili tatu.

Ni nani aliyekuwa wa kwanza? Ubishi juu ya swali hili hauna mwisho, na kila mtaa una shujaa wake. Winston Simon, aliyejulikana zaidi kwa jina la Spree, husimuliwa kwamba katika kanivali ya mwaka 1946 alipiga mbele ya gavana nyimbo kadhaa, miongoni mwazo Ave Maria ya Schubert na wimbo wa taifa wa Uingereza. Ellie Mannette wa bendi ya Invaders hutajwa kwa mambo mawili: kulitumia pipa kubwa la mafuta badala ya makopo madogo, na kukididimiza kitako chake kwa ndani kama bakuli badala ya kukitutumua nje kama wengine walivyofanya. Mapipa yenyewe hayakuwa haba. Trinidad ilikuwa nchi ya mafuta, na wakati wa vita Wamarekani walikuwa wamejenga humo kambi kubwa za kijeshi.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ya ubishi huo ni orodha ya nyimbo zinazotajwa katika masimulizi ya Simon. Hakuna hata mmoja uliohitaji kupigwa kwa pipa. Wimbo wa kitoto, wimbo wa kanisani na wimbo wa mfalme vilichaguliwa kwa sababu gavana na kila mtu aliyesimama pale walivijua, na hivyo wangeweza kukata shauri wenyewe kama bati linaimba au linapiga kelele. Hazina ya kwanza ya pani, kwa maneno mengine, ilikuwa hazina ya ushahidi.

Safari ya mwaka 1951

Mwaka huo Uingereza iliandaa maonyesho makubwa yaliyoitwa Festival of Britain, na Watrinidad wakaamua kupeleka bendi ya pani. Hilo halikuwa jambo jepesi. Bendi za wakati huo zilikuwa na majina ya kivita na ya sinema, kama Tokyo, Casablanca, Desperadoes na Invaders, na zilipigana kweli kweli barabarani. Tabaka la kati liliwaona wapiga pani kuwa wahuni, na binti aliyeonekana karibu na yadi ya mazoezi alijiharibia jina. (Hazel Henley na wenzake walipounda Girl Pat, bendi ya wanawake watupu, mapema katika miaka ya 1950, walivunja miiko miwili kwa mpigo.) Hata hivyo, wapigaji kutoka bendi hasimu walikusanywa katika kundi moja lililoitwa Trinidad All Steel Percussion Orchestra, kwa kifupi TASPO, na fedha za safari zikachangwa na umma.

Aliyepewa kundi hilo kuliongoza ni Luteni Joseph Griffith, mzaliwa wa Barbados na mwanamuziki wa bendi za polisi. Griffith aliyakuta mapipa yenye noti chache, kila moja likiwa limetiwa sauti kufuata nyimbo ambazo mwenyewe alizipenda. Noti zilizokuwapo zilitosha kalipso nyepesi. Hazikutosha nyimbo alizotaka zipigwe London, ambazo zilihama kutoka ngazi moja hadi nyingine na kuhitaji noti zote kumi na mbili, nyeupe na nyeusi, kama zilivyo kwenye kinanda. Basi akaamuru mapipa yatengenezwe upya. Tatizo likajitokeza upande wa besi: noti nzito huhitaji eneo kubwa, na pipa moja haliwezi kuzibeba zote. Jawabu likawa kumpa mpigaji mmoja mapipa mawili au matatu ayazungukie. Yale makundi ya mapipa yanayomzingira mpiga besi wa leo kama uzio yana asili yake katika haja hiyo ya kuukamilisha wimbo.

TASPO walipiga kando ya mto Thames tarehe 26 Julai 1951. Walioandamana nao walishuhudia jinsi Waingereza walivyochungulia chini ya mapipa wakitafuta mashine iliyofichwa. Masimulizi haya huenda yametiwa chumvi, lakini matokeo ya safari hayana shaka. Sterling Betancourt alibaki Uingereza na kuieneza pani huko. Mwaka 1966 yeye na Russell Henderson walikuwa miongoni mwa waliopiga katika sherehe ya mtaa iliyokuja kuwa kanivali ya Notting Hill. Nyumbani Trinidad nako, mwaka 1952 tamasha la muziki la kitaifa, ambalo hadi wakati huo lilikuwa la kwaya na piano, liliwafungulia mlango wapiga pani.

Jinsi pipa linavyotiwa sauti

Fundi huchagua pipa ambalo kitako chake hakijabonyea wala kushikwa na kutu. Hulipindua, kisha hukipiga kitako hicho kwa nyundo nzito hadi kididimie mithili ya bakuli. Kwa pani ya sauti za juu bakuli hilo huwa na kina cha sentimita 20 hivi. Kwa besi kina huwa kidogo zaidi. Baada ya hapo huchora mipaka ya noti, akaifuata kwa tindo butu hadi ipate mifuo. Kazi ya mfuo ni kuitenga noti na jirani yake ili moja inapopigwa nyingine isiamke. Ubavu wa pipa hukatwa, ukabakizwa ukingo mfupi kwa pani za juu, na kuachwa mzima kwa besi. Pipa hupashwa moto ili chuma kipate ugumu unaofaa, ndipo kazi halisi ya kutia sauti ianze, nyundo ndogo mkononi na sikio karibu na bati. Eneo dogo hutoa sauti ya juu, eneo kubwa sauti ya chini. Hilo mtoto yeyote anaweza kulielewa kwa kutazama.

Ugumu uko kwingine. Kila eneo la noti hutetemeka kwa namna zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Bertie Marshall, fundi wa bendi ya Highlanders, alitambua kwamba ndani ya noti moja mnaweza kurekebishwa si sauti ya msingi tu, bali pia sauti iyo hiyo iliyo oktavu moja juu yake. Zinapopatana, pani hung'aa masikioni. Zisipopatana, hulia kama debe. Mpigaji hutumia vijiti vifupi viwili vilivyovishwa mpira kichwani, na kwa kuwa noti ya pani haidumu, huirefusha kwa kuipigapiga haraka haraka. Pani haina njia nyingine ya kuimba taratibu.

Mpangilio wa noti nao wataka maelezo. Kwenye kinanda do hufuatwa na re, re na mi. Kwenye pani ya juu iliyobuniwa na Anthony Williams, ambayo noti zake zimepangwa kama utando wa buibui, do imekaa kati ya fa na so, so kati ya do na re, na kadhalika kuuzunguka ukingo hadi noti kumi na mbili zitimie. Kila noti, kwa hiyo, ina jirani zake wa damu, wale inaopatana nao zaidi, na noti iyo hiyo ya oktavu ya juu iko upande wa ndani mkabala nayo. Mpangilio huu huyasaidia mapatano ya sauti katika chuma chenyewe.

Jamaa ya pani ni kubwa. Ya juu kabisa huitwa tenor, jina litakalowakanganya wanakwaya wetu, kwani kazi yake ni ile ya soprano. Ni pani moja yenye noti 28 au 29. Chini yake zipo pani zipigwazo mbilimbili, kisha zile za gita na selo, na mwishoni besi. Mpiga besi ya mapipa sita ana noti tatu tu katika kila pipa, jumla 18, na yule wa mapipa tisa ana 27. Nyuma ya hao wote hukaa kikosi kinachoitwa chumba cha injini, chenye ngoma za kawaida, makwaruzo na vyuma vya breki. Vyuma hivyo vya breki, vilivyokuwapo kabla pani haijazaliwa, havijaondoka hadi leo.

Mabomu na Panorama

Mara noti zote zilipopatikana, hamu ya kupiga kila kitu ilikuwa kubwa mno. Katika miaka ya 1950 ilizuka desturi iliyoitwa bomu. Bendi ilichukua utungo wa Ulaya, wa Beethoven au Chopin au mwingineo, ikaupanga upya kwa mwendo wa kalipso na kuufanyia mazoezi kwa siri. Alfajiri ya Jumatatu ya kanivali, kabla jua halijatoka, utungo huo ulilipuliwa barabarani huku umati ukicheza. Trinidad All Stars ya Neville Jules ndiyo iliyosifika zaidi kwa mabomu.

Wapo waliouona mtindo huu kuwa ni kasumba, yaani mtu mweusi akitafuta hadhi kwa mtunzi mweupe. Hoja hiyo ina ukweli wake, hasa kwa nyimbo zilizopigwa katika matamasha mbele ya waamuzi kutoka Uingereza. Lakini kwa bomu haitoshi. Aliyekuwa akicheza nyuma ya All Stars alfajiri ile hakuwa akiomba cheti kwa mtu. Beethoven alikuwa ameshushwa barabarani, akavuliwa viatu na kutembezwa kwa miguu hadi kunakucha. Huko ni kumiliki zaidi kuliko kuiga.

Nchi ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, na katika kanivali iliyofuata, mwaka 1963, yakaanzishwa mashindano ya Panorama. Masharti yake yaligeuza mambo: wimbo uwe kalipso. Washindi wa kwanza walikuwa North Stars wa Anthony Williams, na wimbo wao ulikuwa Dan Is the Man in the Van wa Mighty Sparrow. Wanafunzi wa fasihi watauthamini uchaguzi huo. Wimbo huo ni tashtiti juu ya vitabu vya kusomea vya shule za kikoloni, ambavyo msimulizi anasema vingemfanya punguani laiti angevitilia maanani. Pani haina maneno, lakini maelfu waliokuwa wakisikiliza waliyajua maneno yote.

Tangu hapo Panorama imekuwa kitovu cha mwaka wa pani. Fainali hupigwa katika uwanja wa Queen's Park Savannah, Port of Spain, Jumamosi usiku kabla ya kanivali, na bendi kubwa huweza kuwa na wapigaji 120. Kwa dakika zipatazo nane wimbo wa mistari michache hufunguliwa, ukaimbwa kama ulivyo, ukavunjwavunjwa, ukahamishiwa ngazi nyingine, ukatiwa huzuni, ukarudishwa kwenye furaha na kufungwa kwa kishindo. Utaratibu ni ule ule wa lahani na mageuzi yake ambao watunzi wa Ulaya waliutumia. Mabomu hayakupotea bure. Lord Kitchener, ambaye nyimbo zake zimezipa bendi ushindi mara nyingi kuliko za mtunzi mwingine yeyote, alifikia hatua ya kutunga akiwa na pani akilini, akiacha nafasi za mpangaji kuzijaza. Pan in A Minor ya mwaka 1987 ni mfano ulio wazi.

Mwaka 1972 Ray Holman wa bendi ya Starlift alivunja desturi kwa kwenda Panorama na wimbo alioutunga mwenyewe, Pan on the Move. Palizuka ubishi mkali. Waliompinga walidai kwamba kazi ya pani ni kuzipiga kalipso za waimbaji ambazo umma unazijua tayari. Holman alishikilia kwamba ala iliyokomaa hustahili watunzi wake. Len Sharpe wa Phase II aliifuata njia hiyo na kushinda kwayo mwaka 1987 na 1988. Ubishi wenyewe haukuwa wa Holman peke yake. Ulihusu kama pani itabaki mkalimani wa sauti za wengine.

Miaka yenyewe haikuwa shwari. Kampuni za mafuta, ndege na vinywaji zilizifadhili bendi na kuyatia majina yao mbele ya majina ya bendi. Mwaka 1979 wapigaji walisusia, na Panorama haikufanyika.

Mpangaji aliyeshinda mara nyingi katika historia ya kipindi hicho, Jit Samaroo, anastahili aya yake. Samaroo alikuwa wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa bonde la Lopinot, na muziki aliolelewa nao ulikuwa parang, yaani nyimbo za Krismasi za Kihispania zilizovuka kutoka Venezuela. Kati ya mwaka 1982 na 1997 aliipatia bendi ya Renegades ushindi mara tisa. Jambo hili lina uzito kwa sababu katika miaka ya 1990 baadhi ya viongozi wa jamii ya Kihindi walilalamika kwamba kuifanya pani ala ya taifa ni kuwasahau wao, wakataka hamonia nayo ipewe hadhi; hamonia ile ile isikikayo katika taarab ya Mombasa. Malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi, kwani chimbuko la pani ni la Waafrika wa mitaa ya mjini. Hata hivyo, mapigo ya haraka haraka ya Renegades, yanayosikika leo kama Trinidad yenyewe, yalitoka katika kichwa cha Mhindi aliyekulia katika nyimbo za Kihispania.

Nje ya kanivali

Nyimbo za pani nje ya Panorama ni nyingi kiasi kwamba kuziorodhesha ni kuchosha. Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na bendi yake ya pani kuanzia mwaka 1957 hadi 1999. Othello Molineaux aliiingiza katika jazi pamoja na mpiga gita la besi Jaco Pastorius. Robert Greenidge wa Desperadoes aliipiga katika wimbo wa John Lennon uitwao Beautiful Boy wa mwaka 1980. Chuo Kikuu cha Northern Illinois, Marekani, kimekuwa kikitoa shahada kwa wapiga pani, na ni huko ambako Jan Bach (asichanganywe na yule wa karne ya 18) alimtungia Liam Teague konseto ya pani na okestra mwaka 1994. Nchini Uswisi, ambako pani ilipata wapenzi wengi, mafundi wawili wa Bern walizalisha mwaka 2000 ala nyingine kabisa iitwayo Hang, ipigwayo kwa mikono mitupu.

Kuenea huko kumeleta neema pamoja na hofu. Mwaka 2001 Wamarekani wawili walipewa nchini mwao hataza ya mbinu ya kuunda pani kwa mashine, na habari hizo zilipofika Trinidad watu walihisi wameibiwa. Serikali ilikuwa imeitangaza pani kuwa ala ya taifa mwaka 1992, lakini hadhi hiyo haikutiwa katika sheria hadi mwaka 2024. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 11 Agosti kuwa siku ya pani duniani, na mwaka 2025 jahazi tatu za Columbus ziliondolewa katika nembo ya taifa la Trinidad na Tobago, mahali pake pakachorwa pani.

Kumbukumbu ya mikono

Hadhi hiyo yote inalinda ala. Nyimbo ni suala jingine, na hapa wanafunzi wa fasihi simulizi wana la kusema.

Mpangaji wa Panorama kwa kawaida haji yadini na karatasi. Huja na wimbo kichwani. Huwasimamia watu wa besi akawaonyesha mapigo yao, akahamia kwa selo, kisha gita, kisha tenor. Jioni inayofuata hubadilisha alichofunza jana kwa sababu amekisikia na hakikumridhisha. Wapigaji wengi hawasomi noti. Wana kazi zao za mchana, na wimbo wa dakika nane huuhifadhi mikononi kwa kuurudia usiku hadi usiku. Majirani huja na viti, wakasikiliza, wakakosoa kwa sauti. Mwenye kuzijua dhana za fanani na hadhira hataona tofauti kubwa kati ya yadi hiyo na uwanja wa ngano, isipokuwa kwamba fanani ni zaidi ya mia moja.

Mambo huharibika baada ya fainali. Wimbo uliofanyiwa mazoezi kwa wiki nyingi hupigwa labda mara chache tena, halafu Kwaresima huingia. Mwaka unaofuata una wimbo wake, na mikono ile ile haina budi kuusahau wa zamani ili kuupokea mpya. Rekodi zipo, lakini katika rekodi ya bendi ya watu mia, tenor na besi husikika wazi, na sauti za kati, ambamo mpangaji alificha ufundi wake, huzama. Clive Bradley, aliyewapangia Desperadoes kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2005, na Samaroo mwaka 2016. Anayetaka kuandika kwa noti kazi zao zilizopigwa miongo kadhaa iliyopita hulazimika kumtafuta aliyekuwa kwenye selo mwaka huo, amwekee pani mbele na kusubiri.

Wakati mwingine mzee huyo hawezi kuueleza wimbo wala kuuimba. Hupewa vijiti, akaanzishiwa rekodi, na mikono ikaenda yenyewe kwa mapigo ishirini au thelathini, kisha ikasita. Hurudishwa nyuma kidogo, akaanza tena.